Mike Quill: Mpiganaji wa uhuru wa Ireland aliyetikisa jiji la New York

ALFAJIRI ya Januari 1, 1966, wakazi wa jiji la New York nchini Marekani waliamka na kukuta magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi hayatembei. Mabasi nayo yalikuwa yameegeshwa. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 walikuwa wamegoma, na jiji ambalo mamilioni ya watu walitegemea reli hiyo kufika kazini likakwama kwa siku 12.

Aliyeongoza mgomo huo alikuwa mwanamume wa umri wa miaka 60, mwenye kipara na mwili mnene, aliyetembea akichechemea huku akijikongoja kwa bakora. Alizungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito ya mashambani kwao Ireland. Jina lake lilikuwa Michael Joseph Quill, lakini jiji zima lilimjua kama Mike Quill. Moyo wake ulikuwa umeugua kwa muda mrefu. Kabla ya mwezi huo kwisha, alikuwa ameiaga dunia.

Matajiri na wahariri wengi wa magazeti walimwona kuwa mkorofi aliyewatesa wananchi wasiokuwa na hatia. Kwa wasafishaji wa mabehewa, makarani wa tiketi na madereva wa mabasi, Quill alikuwa mtu aliyewapa heshima ya kuitwa binadamu. Lakini ili kumwelewa mzee huyo aliyethubutu kusimamisha jiji zima, ni lazima kurejea katika milima ya Kerry, kusini magharibi mwa Ireland, alikojifunza kupigana.

KIJANA WA KERRY

Quill alizaliwa Septemba 18, 1905, karibu na kijiji cha Kilgarvan. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo, na nyumba yao ilikuwa ya watu waliounga mkono harakati za kuutoa utawala wa Uingereza nchini mwao. Alikuwa na umri wa miaka 10 wakati wa maasi ya Pasaka ya 1916 jijini Dublin, ambapo viongozi wa maasi hayo waliuawa kwa kupigwa risasi baada ya kushindwa. Mmoja wao, James Connolly, aliuawa akiwa ameketishwa kitini kwa kuwa majeraha yalimfanya asiweze kusimama.

Connolly hakuwa mpigania uhuru wa kawaida. Alikuwa pia kiongozi wa wafanyakazi, na kabla ya maasi hayo alikuwa ameishi Marekani kwa miaka kadhaa akiwahimiza vibarua waungane. Alifundisha kwamba kuteremsha bendera ya mkoloni na kupandisha nyingine hakutamfaa kitu mlalahoi ikiwa mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye kiwanda watabaki wale wale. Mafundisho hayo yangekuja kuyaongoza maisha ya Quill, ingawa wakati huo alikuwa mtoto tu.

Vita vya uhuru vilipozuka mwaka 1919, Quill alijiunga na wapiganaji wa Jeshi la Jamhuri ya Ireland (IRA) katika eneo lao. Kwa kuwa alikuwa kijana mdogo, kazi yake ilikuwa kubeba ujumbe kutoka kikosi kimoja hadi kingine. Hapo alijifunza mambo ambayo hayafundishwi darasani: kutunza siri, kufanya kazi katika vikundi vidogo ambavyo mshiriki hawajui wote walio ndani, na kutomwamini mtu kabla ya kumjaribu.

Mapigano yalisimama Julai 1921, na Desemba mwaka huo mkataba ukatiwa saini. Mkataba huo uliipa sehemu kubwa ya Ireland serikali yake yenyewe, lakini wabunge walitakiwa kula kiapo cha utiifu kwa mfalme wa Uingereza, na kaunti sita za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza. Waliokuwa wamepigana bega kwa bega waligawanyika. Wengine waliukubali kama hatua ya kwanza. Wengine waliuona kuwa usaliti. Juni 1922 wakaanza kuuana.

Quill alikuwa upande wa waliopinga mkataba, na upande huo ukashindwa. Kerry ndiko vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vilikokuwa vya kikatili zaidi. Machi 1923, katika eneo la Ballyseedy, wanajeshi wa serikali mpya waliwafunga wafungwa kuzunguka bomu na kulilipua, wakawaua wanane. Wauaji na waliouawa walikuwa wana wa nchi moja.

Vita vilipomalizika Mei 1923, walioshindwa walikuta kwamba nchi waliyoipigania haikuwa na nafasi yao. Kazi zilikuwa haba, na aliyejulikana kuwa mfuasi wa upande ulioshindwa alikuwa wa mwisho kufikiriwa. Maelfu walifunga virago. Machi 1926, akiwa na umri wa miaka 20, Quill naye alishuka melini katika bandari ya New York.

SAA 84 KWA WIKI

Kibarua chake cha kwanza katika reli kilikuwa cha kuchimba njia mpya za chini ya ardhi. Baadaye aliajiriwa na Interborough Rapid Transit, maarufu kama IRT, mojawapo ya kampuni za kibinafsi zilizokuwa zikiendesha reli za jiji hilo. Huko alikuwa mlinda lango na karani wa kuuza tiketi, mara nyingi zamu ya usiku. Alifanya kazi saa 12 kila usiku, siku saba kwa wiki, kwa malipo ya senti 33 kwa saa. Hiyo ilikuwa jumla ya saa 84 kwa wiki, bila siku ya kupumzika.

Kwa kuwa alihamishwa kutoka stesheni moja hadi nyingine, Quill alipata kufahamiana na wafanyakazi wengi kuliko mtu aliyekaa mahali pamoja. Abiria walipopungua usiku wa manane, alisoma vitabu, hasa maandishi ya Connolly. Aligundua pia kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wenzake walikuwa Waairishi kama yeye, na si wachache miongoni mwao waliowahi kubeba bunduki dhidi ya Waingereza. Watu waliokuwa wamelikabili jeshi la dola kubwa sasa walikuwa wakitetemeka mbele ya msimamizi wa zamu.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Kampuni hiyo ilikuwa na chama chake yenyewe cha wafanyakazi, kilichokuwepo ili kuzuia chama cha kweli kisiundwe. Ilikuwa pia na majasusi waliowekwa kuwanyemelea wafanyakazi na kupeleka habari kwa wakubwa. Aliyepatikana akinung'unika alifutwa, na baada ya uchumi wa dunia kuporomoka mwaka 1929, kufutwa kazi kulimaanisha familia kulala njaa.

Quill na wenzake walibisha hodi kwanza katika milango ya vyama vya Waairishi waliokuwa wamejimudu kimaisha jijini humo, wakiomba msaada wa kuanzisha chama cha wafanyakazi. Walifukuzwa. Ndugu zao wa damu hawakutaka kuchafua majina yao mbele ya matajiri. Waliokubali kuwasaidia kwa fedha, mashine za kuchapisha na ujuzi wa kupanga watu ni Wakomunisti, ambao wengi wao hawakuwa Waairishi.

Basi Aprili 1934 chama kikazaliwa kutokana na ndoa hiyo isiyotarajiwa: upande mmoja wapiganaji wa zamani kutoka Ireland, waliokutana katika chama chao cha siri cha Clan na Gael, upande wa pili Wakomunisti kama John Santo, mzaliwa wa Hungary. Kiliitwa Transport Workers Union, kwa heshima ya chama kilichoasisiwa Dublin mwaka 1909 na Jim Larkin, ambacho Connolly aliwahi kukiongoza. Kabla ya mwaka 1935 kwisha, Quill alikuwa rais wake.

VITA VYA CHINI KWA CHINI

Mbinu za Kerry zilirudi kazini. Wanachama waligawanywa katika vikundi vidogo ili jasusi akipenya kimoja asiweze kuvifichua vingine. Mikutano ilifanywa faraghani, na majina hayakutajwa ovyo.

Ushindi wa kwanza ulitokana na jambo ambalo mtu wa nje angeliona dogo. Mwaka 1935, katika karakana ya Jerome Avenue, IRT iliwataka wasafishaji wa mabehewa watumie kifutio cha madirisha chenye upana wa inchi 14 badala ya 10, ili wasafishe eneo kubwa zaidi kwa muda ule ule na mshahara ule ule. Sita walikataa, wakafutwa. Wenzao wakagoma kwa siku mbili, na kampuni ikalazimika kuwarudisha. Habari hizo zilienea katika reli nzima. Kwa mara ya kwanza wafanyakazi walishuhudia kampuni ikirudi nyuma.

Siku moja Quill na wenzake wanne walishambuliwa na majasusi wa kampuni katika stesheni ya Grand Central. Jambo la kushangaza ni kwamba waliokamatwa ni wao waliopigwa, wakashtakiwa kuchochea ghasia. Mashtaka hayo hayakusimama mahakamani, na badala ya kukiua chama yakakitangaza.

Januari 1937, kampuni nyingine ya reli, BMT, iliwafuta wafanyakazi wawili katika kituo cha kuzalisha umeme cha Kent Avenue, Brooklyn, kwa sababu ya uanachama wao. Wafanyakazi wenzao mamia hawakutoka nje kugoma. Walibaki ndani, wakajifungia pamoja na mitambo. Kampuni ilijua vyema maana yake, kwani umeme huo ndio ulioendesha magari ya moshi. Wawili hao walirudishwa kazini upesi.

Katika miezi iliyofuata maelfu walijiandikisha hadharani. Mei 1937 wafanyakazi wa IRT walipopiga kura kuchagua chama cha kuwawakilisha, wengi wao mno waliunga mkono chama cha Quill. Mikataba ikaleta nyongeza ya mshahara na saa za kazi zilizo na kikomo. Mwaka huo huo Quill alimwoa Mollie O'Neill, msichana kutoka Kerry, na Novemba akachaguliwa diwani wa jiji kwa tikiti ya chama cha American Labor kutoka mtaa wa Bronx. Mtu aliyekuwa akiuza tiketi usiku sasa alikuwa akiketi katika baraza la jiji.

UBAGUZI NDANI YA NYUMBA YAKE

Hata hivyo, ushindi huo ulifungua swali gumu. Reli na mabasi vilikuwa na ngazi ya rangi. Wamarekani weusi waliajiriwa kufagia stesheni na kusafisha mabehewa. Kuendesha treni au basi ilikuwa kazi ya wazungu. Katiba ya chama cha Quill iliwakaribisha wafanyakazi wa kila rangi, lakini wanachama wengi wazungu hawakutaka mtu mweusi apande ngazi. Katika miaka ya kwanza viongozi wa chama walikwenda polepole, wakihofia kuwapoteza wanachama wao, na weusi wengi waliona kwamba maneno matamu ya katiba hayakuwaletea kitu.

Mwaka 1941, muda mfupi baada ya madereva wa mabasi kugoma kwa siku 12 chini ya uongozi wa Quill, wakazi wa Harlem wakiongozwa na mhubiri Adam Clayton Powell walisusia mabasi ya kampuni zilizokataa kuwaajiri weusi kama madereva na makanika. Chama cha Quill kilitia saini makubaliano pamoja nao na kampuni hizo, na milango ikaanza kufunguliwa.

Mtihani mkali zaidi ulikuja Agosti 1944 katika jiji la Philadelphia. Wakati huo chama cha Quill kilikuwa kimechaguliwa majuzi tu kuwawakilisha wafanyakazi wa tramu na mabasi wa huko. Weusi wanane walipopewa mafunzo ya kuendesha tramu, wafanyakazi wazungu waligoma na kulikwamisha jiji hilo katikati ya Vita Vikuu vya Pili. Ingekuwa rahisi kwa chama kichanga kufumba macho ili kisiwaudhi wengi. Chama kiliupinga mgomo huo waziwazi. Rais Franklin Roosevelt alituma maelfu ya wanajeshi, mgomo ukavunjika, na weusi hao wakaendelea na kazi.

Quill pia aliwakabili Waairishi wenzake. Mwishoni mwa miaka ya 1930, baadhi yao mitaani New York walivutiwa na hotuba za redioni za padri Charles Coughlin, aliyewalaumu Wayahudi kwa dhiki za watu maskini. Kwa kiongozi aliyetegemea kura za Waairishi Wakatoliki, kunyamaza ndiko kulikokuwa na faida. Quill alisimama majukwaani na kuilaani chuki hiyo. Kwake, Mwairishi aliyesahau jinsi watu wake walivyodharauliwa na wageni hakuwa na haki ya kumdharau mwingine.

Msimamo huo haukubadilika alipozeeka. Mashirikisho mawili makuu ya wafanyakazi wa Marekani yalipoungana mwaka 1955, alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga, akilalamika kwamba hakukuwa na kinga ya kutosha dhidi ya ubaguzi wa rangi na ufisadi. Mwaka 1961 alimwalika Martin Luther King kuuhutubia mkutano mkuu wa chama chake, wakati ambapo viongozi wengi wa wafanyakazi walikuwa wakimwepuka.

KUWATOSA MARAFIKI

Maisha ya Quill hayakukosa doa. Kwa zaidi ya miaka 10 alitembea na Wakomunisti, na kwa sababu hiyo akabandikwa jina la Mike Mwekundu. Mwaka 1948 ndoa hiyo ilivunjika kwa sababu ya sarafu ndogo.

Tangu reli ya chini ya ardhi ifunguliwe mwaka 1904, nauli ilikuwa senti tano. Wakomunisti walishikilia kwamba isiongezwe, kwani ingewaumiza maskini. Lakini mwaka 1940 jiji lilikuwa limezinunua kampuni za IRT na BMT, na Meya William O'Dwyer, ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, alisema hana fedha za kuongeza mishahara nauli isipopanda. Quill alilazimika kuchagua kati ya msimamo wa wenzake na mifuko ya wanachama. Alichagua wanachama. Nauli ikapanda hadi senti 10 Julai mwaka huo, na wafanyakazi wakapata nyongeza kubwa ya mshahara.

Hakuishia hapo. Katika mkutano mkuu wa chama Desemba 1948, aliwaondoa uongozini watu aliokianzisha nao chama, akiwemo Austin Hogan, rafiki wa siku za taabu. Santo aliondoka Marekani na kurudi Hungary. Lugha aliyoitumia Quill dhidi yao ilifanana na ile ambayo matajiri walikuwa wameitumia dhidi yake. Wapo waliosema aliokoa chama katika miaka ambayo serikali ya Marekani iliwaandama Wakomunisti kila mahali. Wengine walisema aliwatosa waliomwinua. Yote mawili yalikuwa na ukweli, na Quill, aliyeshuhudia wapiganaji wa Kerry wakigeukiana, hakuwa mgeni wa jambo la namna hiyo.

Hata baada ya hapo, chama hakikuwa na utulivu daima. Mwaka 1953 mgomo wa mabasi uliodumu takriban mwezi mzima uliwapatia madereva wiki ya kazi ya saa 40, chini ya nusu ya zile 84 alizofanya Quill ujanani. Lakini Desemba 1957 waendeshaji wa treni waligoma dhidi ya matakwa yake, wakidai kwamba kiongozi huyo aliwasahau wenye ujuzi. Mwasi wa zamani alikuwa ameonja uchungu wa kuasiwa.

MGOMO WA MWISHO

Jiji liliponunua reli, wafanyakazi wake waligeuka kuwa watumishi wa umma. Je, mtumishi wa umma ana haki ya kugoma? Swali hilo lilimwandama Quill hadi kaburini. Sheria ya jimbo la New York iliyopitishwa mwaka 1947 ilijibu kwa ukali: aliyegoma angefutwa, na akirudishwa asingeongezewa mshahara kwa miaka mitatu.

Kwa miaka mingi Quill na Meya Robert Wagner, aliyeingia mamlakani mwaka 1954, waliliepuka swali hilo kwa mchezo uliozoeleka. Mkataba ulipokaribia kwisha mwishoni mwa mwaka, Quill alinguruma mbele ya waandishi wa habari na kutishia kulisimamisha jiji. Saa za mwisho makubaliano yakapatikana. Wanachama, hata hivyo, walianza kulalamika kwamba kelele za kiongozi wao zilizidi nyongeza wanazopata.

Januari 1, 1966 meya mpya, John Lindsay, alishika usukani. Alikuwa kijana mtanashati, msomi wa Yale, asiyetaka makubaliano ya vichochoroni. Quill hakupendezwa naye, na kwa makusudi akawa analitamka vibaya jina lake. Chama kilidai nyongeza ya asilimia 30 na wiki ya kazi ya siku nne. Mkataba uliisha alfajiri ya siku hiyo ya kwanza ya Lindsay kazini, na mgomo ukaanza.

Mahakama ilikuwa imetoa agizo la kuuzuia. Quill aliuchana waraka huo mbele ya kamera za televisheni. Januari 4 yeye na viongozi wenzake wanane walikamatwa kwa kudharau mahakama. Madaktari walikuwa wamemwonya kuhusu moyo wake, lakini alikataa kuomba huruma. Saa chache baada ya kufika gerezani alianguka, akakimbizwa katika hospitali ya Bellevue.

Mazungumzo yaliendelea chini ya Douglas MacMahon, mmoja wa waasisi wa chama. Huku nje watu walitembea kwa miguu kuvuka madaraja katika baridi ya Januari, magari yalijazana barabarani, na biashara zikapata hasara kubwa. Waliopata hasara walikuwa pia vibarua waliokosa ujira wa siku, watu wa tabaka lile lile ambalo Quill alidai kulitetea. Januari 13 mgomo ulimalizika. Mshahara wa waliolipwa dola 3.18 kwa saa ungepanda kwa awamu hadi dola 4.14, na malipo ya uzeeni yakaboreshwa. Mwezi uliofuata bunge la jimbo liliwaondolea wagomaji adhabu za sheria ya 1947.

Quill alitoka hospitalini Januari 25 na kuzungumza na wanahabari. Siku tatu baadaye, Januari 28, 1966, aliaga dunia nyumbani kwake. Mkewe wa kwanza, Mollie, alikuwa amefariki mwaka 1959. Alimwacha mjane, Shirley, aliyemwoa mwaka 1961 na ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha yake. Alimwacha pia mwanawe, John Daniel.

Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa kuu la St Patrick, na jeneza lake lilifunikwa bendera ya Ireland ya kijani, nyeupe na rangi ya machungwa. King alikuwa miongoni mwa waliomlilia, akimkumbuka kama mtu aliyeishi akivunja minyororo ya wenzake.

WALIORITHI MSIMAMO WAKE

Mwaka 1967 jimbo la New York liliifuta sheria ya zamani na kuleta nyingine, ijulikanayo kama Sheria ya Taylor. Iliwapa watumishi wa umma haki ya kuwa na vyama na kujadiliana na mwajiri, lakini ikaendelea kupiga marufuku migomo na kuweka faini nzito kwa chama kitakachogoma. Hivyo nusu ya dai la Quill ilikubaliwa na nusu ikakataliwa, na hadi leo sheria hiyo inatumika.

Wanachama wa chama chake walibadilika pia. Waairishi waliendelea kupungua, nafasi zao zikachukuliwa na Wamarekani weusi, wahamiaji kutoka visiwa vya Karibea na watu wa asili ya Amerika ya Kusini. Desemba 2005 tawi la New York liligoma kwa siku tatu, likitozwa faini ya dola milioni 2.5 chini ya Sheria ya Taylor. Kiongozi wake, aliyehukumiwa kifungo cha siku 10 kama Quill alivyofungwa kabla yake, hakuwa Mwairishi. Alikuwa Roger Toussaint, mtu mweusi mzaliwa wa Trinidad, aliyeanza kazi katika reli hiyo kama msafishaji.

Jijini New York, gereji kubwa ya mabasi mtaani Manhattan ilipewa jina la Quill. Kila alfajiri madereva wa kila rangi hutoa magari humo kwenda kuanza zamu yenye mwanzo na mwisho. Wengi wao hawakuwahi kukisikia kijiji cha Kilgarvan. Lakini kijana aliyetoka huko akiwa ameshindwa vitani, katika nchi iliyopata bendera na kukosa nafasi ya kumlisha, ndiye aliyezipunguza saa zao za kazi.